Yule Mama wa Dirisha la Tatu

Chumba Na. 4,
Nyuma ya Kiwanda cha Sabuni.
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Mkaza mjomba je, na mapacha, bado wanagombania kiti kimoja? Huku Mama hajambo. Mimi ndiye mwenye sijambo ya mdomoni tu, na nakuandikia kwa kuwa yeye ni dada yako, sina mwingine wa kumwambia.

Unajua watu humletea watoto asubuhi wakienda kazini. Sasa wamefika watano. Mwaka juzi, nilipoanza ukarani ofisi ya kodi, aliniuliza kama pesa anayopata inampasa aitangaze. Nilimjibu, "Mama, kulea watoto siyo kazi. Kodi ni ya watu wenye kazi." Nilijua si kweli, Mjomba. Yaya anayekwenda nyumbani kwa watu na kupangiwa saa ni mwajiriwa wao. Anayeletewa watoto kwake amejiajiri, lazima ajaze fomu mwenyewe kila mwaka. Nilimdanganya kwa sababu fomu hiyo ingepita mikononi mwa wenzangu, nami nilikuwa nimewaambia mama yangu ana duka la vitambaa.

Jumanne nikainua macho, nikamwona kwenye foleni yangu, dirisha la tatu, kiatu cha mtoto kikichungulia mkobani. Mzazi mmoja, mwalimu, alikuwa amemwomba risiti, naye Mama akaingiwa na hofu.

"Karibu, mama," nikasema. Kila mwanamke pale dirishani tunamwita mama. Lakini yeye alinitazama, akaelewa ni mama wa namna gani nimemwita.

"Nimeambiwa kulea watoto siyo kazi," akasema polepole. "Nimekuja kuuliza kama ni kweli."

Mwenzangu wa dirisha la pili akacheka. "Haya jibu, mtaalamu! Au wewe ulijilea mwenyewe?"

Nilimwambia ni kazi, na kwamba amechelewa miaka miwili, kwa hiyo kuna faini. Nikampa fomu akajaze nyumbani, nikamwonyesha pa kuweka sahihi. Akasema, "Ahsante, mwanangu," vilevile kama wazee wote wanavyotuambia. Hakuna aliyegutuka isipokuwa mimi.

Jioni nilirudi nyumbani. Mama alinipakulia chakula kama kawaida. Bora angenigombeza.

Tena karani haruhusiwi kumhudumia ndugu yake kabla hajaandika undugu huo katika daftari la mkuu wetu. Sikuandika. Nilikaa na hofu hiyo hadi Ijumaa, ndipo nikaenda nikaandika: "Mlipakodi: mlezi wa watoto. Undugu: mama mzazi. Aliyempotosha: mimi."

Mkuu alisoma mara mbili, akavua miwani. "Yule mama ni mama'ko?"

"Ndiye."

Alisema faini huenda ikapunguzwa, maana aliyempotosha ni mtumishi wa ofisi. Kuhusu mimi, nitapewa barua Jumatano.

Kesho Mama analeta fomu. Nimekusudia kutoka, nimpokee mlangoni, nimpeleke dirisha la pili na kusema watu wakisikia: huyu ni mama yangu, analea watoto. Mjomba, naliogopa hilo kuliko barua ya mkuu, na kuliogopa kwenyewe ndiko kunakonitia aibu zaidi.

Nisalimie mkaza mjomba, binamu fundi saa na mapacha. Mungu akupe nguvu ya goti na miaka mingi ya kulitumia.

Wako akupendaye, ingawa leo sina uso wa kukutazama,
Mpwa wako.