Kikombe Chako cha Bati, Baba Musau

Mwaka umezunguka, Baba, tangu ulipolala usiamke tena, Aprili 1957, mvua ikinyesha.

Ulikuwa mtu wa kuuliza. Miaka mingi ulikata matawi ya kahawa kule Ruiru, na kila gugu, kila mdudu, ulitaka kujua jina lake kwa Kikamba, Kikuyu na hata Kizungu. Rafiki yako Mburu alikutania kwamba nzi akitua kwenye uji wako lazima ajitambulishe kwanza.

Kisha koo likavimba, chakula kikawa hakipiti. Hapa nyumbani Thika watu wakaanza kunong'ona. "Ule ugonjwa." "Yale mambo ya Musau." Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini wewe hukuficha kitu, ulifichiwa. Na kwa kuwa jina halikutajwa, kila mtu alibuni lake. Wengi wakasema kifua kikuu. Mkeo, Mama Kanini, akakitenga kikombe chako juu ya kabati, wajukuu wakakatazwa kukukaribia. Alilia jikoni, lakini alikitenga.

Kikombe hicho kilikuuma kuliko koo. Hata hivyo hukukasirika, uliuliza tu. "Mama Kanini, kwani mimi naumwa nini?" Akasema hajui. "Basi twende kwa anayejua."

Hospitalini daktari alimvuta Mama pembeni. Ukaita kutoka kitandani, "Daktari, mgonjwa ni mimi! Ugonjwa huu unaitwaje?"

"Kansa, mzee."

"Inaambukiza?"

"Hapana."

Ukalirudia jina polepole, kama mtu anayeonja chumvi ya mchuzi.

Jumapili, wageni walipotoka kanisani kuja kukuona, ukawaambia bila kuulizwa, "Ina jina. Ni kansa, na hairukii mtu. Haya, nani atakunywa uji na mimi?"

Walitazama miguu yao. Mama akakishusha kikombe, akakijaza, akanywa yeye kwanza, kisha akakupa. Mjukuu wako Mukonyo akakimbia kukupanda magotini, na tulifurahi mpaka tukatokwa na machozi.

Hukupona. Lakini miezi ile ya mwisho nyumba ilijaa watu, nawe ukawachosha kwa maswali. Kikombe hakikurudi kabatini. Leo asubuhi Mama amekinywea chai.

Unakumbukwa na mkeo Mama Kanini, bintiyo Kanini na mumewe Kaleli, nduguyo Nzomo, Mukonyo na wajukuu wenzake, na Mburu wa Ruiru, ambaye bado anakutania.

Wakituuliza uliumwa nini, tunawaambia. Hatutakusahau kamwe, Baba, wala hatutanong'ona juu yako.