Nyeusi, Cheusi, Meusi

Anselmo, ndugu yangu,

Tangu bomu lile likuchukue, darasa lako la porini nimelishika mimi. Tumelihamishia karibu na Pundanhar, penye miti minene, ndege za Wareno zisituone. Wanafunzi ni wapiganaji na akina mama wanaobeba mizigo yao. Mama yako naye yumo, anakaa mbele kabisa. Wiki hii limetokea jambo, na wa kwanza kuambiwa ni wewe.

Unakumbuka siku ile tulipokuwa wanafunzi seminarini, Padre aliandika ubaoni niger, nigra, nigrum: weusi wa kiume, wa kike, na wa kisicho kiume wala kike. Akasema lugha zetu hazina sarufi, ndiyo maana Kilatini kinatushinda. Ukasimama. "Padre, neno lenu limebadilika mara tatu. Sikiliza letu: mtu mweusi, watu weusi, nguo nyeusi, chungu cheusi, mahali peusi. Niendelee?"

Ulipigishwa magoti kwenye kokoto mpaka adhuhuri. Padre akauliza nani anakubaliana nawe. Moyoni nilikubaliana nawe. Lakini nikainamisha kichwa, nisiseme. Hukunilaumu hata siku moja, Anselmo, na hilo ndilo lililoniuma.

Basi Jumatatu akaja mkaguzi wetu wa shule, kijana aliyesoma Kireno kikamkolea. Akaagiza tuache Kiswahili: eti hakina kanuni, hakifai ubaoni. Safari hii nilisema, "Hapana, kamarada." Nikaandika -eusi, nikawaambia wanafunzi wataje vitu. Wakapaza sauti, ubao ukajaa. Mama yako akamgeukia mkaguzi: "Mwanangu, Kireno nitajifunza. Niache kwanza nisome ninachokisema."

Mkaguzi aliusogelea ubao. Kisha akaomba chaki, akaongeza la kwake: macho meusi. Sasa asubuhi tunasoma Kireno, alasiri Kiswahili.

Jana mama yako aliandika jina lako zima. Herufi moja aliigeuza, maana macho yake yameanza kuingia ukungu. Nimeshaomba ruhusa. Ijumaa namvusha Ruvuma akatibiwe Tanzania. Nitamshika mkono majini, na nitakaa kando ya kitanda chake mpaka afunguliwe kitambaa cha machoni.

Lala bila wasiwasi. Mama hayuko peke yake.

Ni mimi,
Damiano