Maelezo ya Evodia Ndahani Kuhusu Ramani ya Pwani ya Kijunguni

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo: Polisi, Area D, Dodoma
Tarehe na saa: 16 Oktoba 1997, saa nne na dakika arobaini asubuhi
Jina: Evodia Ndahani (Bi. Elisante Mshana tangu Jumamosi)
Umri: Miaka 23
Elimu: Kidato cha nne
Kazi: Fundi cherehani
Makazi: Area D, kwa mume wangu

Mimi niliyetajwa hapo juu nimeonywa na Koplo Debora kwamba nikisema uongo nitashtakiwa. Nimeomba kuandika kwa mkono wangu na nimeruhusiwa. Ninaandika haraka, kwa sababu ramani ninayoieleza iko juu ya meza hii kama kielelezo, na inatakiwa leo saa nane mchana mbele ya kamati inayoamua matumizi ya ardhi ya pwani. Mume wangu yuko mahabusu, nyuma ya ukuta huu. Namsikia akikohoa. Nakijua kikohozi chake.

Elisante ni mchoraji ramani katika mradi unaoisaidia serikali kuandaa mpango na sheria za kutunza pwani. Kwao ni Upare, milimani, lakini akikueleza jinsi mikoko inavyoshika udongo usichukuliwe na maji, unaweza kusahau chungu jikoni. Wakati wa uchumba wenzangu waliletewa kanga, mimi nilisimuliwa mikoko, na sikuona kwamba nimepunjwa.

Mnamo tarehe 10 Oktoba, siku ya Ijumaa, saa tisa alasiri, Mzee Mbwana alifika ofisini kwa Elisante na kumkabidhi ramani hiyo. Mzee Mbwana ni mwenyekiti wa kijiji cha Kijunguni huko pwani. Wanakijiji wameichora wenyewe juu ya kitambaa cheupe cha marekani: bandari yao, mikoko isiyoruhusiwa kukatwa, mahali pa kujenga nyumba, na ukanda wa ufukwe ambao wamekubaliana hakuna mtu kuuzungushia ukuta. Kila kaya imeweka dole gumba pembeni. Nakala haina madole, kwa hiyo kamati haiwezi kuikubali. Ipo kampuni inayotaka kujenga hoteli palepale, na kwenye mchoro wa kampuni hiyo bandari ya kijiji imeandikwa "ardhi tupu". Kama ramani ya kitambaa isingeonekana leo, kamati ingekuwa na mchoro huo peke yake. Haya nimeelezwa na mume wangu pamoja na Mzee Mbwana.

Elisante aliipeleka ramani nyumbani ili ainakili jioni ile, akaiweka chini ya kitanda. Hakuniambia, maana sikuwa nimehamia bado.

Mnamo tarehe 11 Oktoba, Jumamosi, saa nane mchana, tulifunga ndoa. Afande amesema niruke habari za gauni. Nimeruka.

Saa nne asubuhi ya siku hiyohiyo, wanawake wa upande wetu, wakiongozwa na shangazi yangu Paskazia Ndahani wa Chamwino, walikwenda chumbani kwa Elisante kututandikia kitanda, kama ilivyo desturi. Walitoa vitu vyote vya ukapera. Chini ya kitanda walikuta mkeka mpya wa rangi ya zambarau na kijani, umeviringishwa na kufungwa kwa kamba ya ukindu. Mkeka mpya kwa bwana harusi, siku ya harusi: kwao ilikuwa ni zawadi. Wakaupeleka kwenye zawadi.

Mnamo tarehe 12, Jumapili, saa tatu asubuhi, Elisante alikuwa stendi akiwasindikiza wazazi wake kurudi Same. Zawadi zilikuwa zinapakiwa kwenye gari kwenda kwa shangazi, kwa kuwa chumba chetu ni kimoja. Nilimsikia shangazi akilalamika, "Mkeka mzuri namna hii, aliyeuleta hajaandika hata jina. Watu wa siku hizi!" Sikutilia maanani. Nilikuwa na furaha mno.

Jumatatu na Jumanne mume wangu alitafuta ramani ofisini na nyumbani. Nilipomuuliza anatafuta nini alisema, "Soksi." Baadaye ameniambia hakutaka kuniharibia fungate.

Mnamo tarehe 15, Jumatano, saa mbili asubuhi, mkuu wake Bwana Nathanaeli alitoa taarifa hapa kituoni. Elisante alikuwa ameonekana akizungumza na mtu wa ile kampuni, na ilidhaniwa kwamba amemuuzia ramani. Ukweli ni kwamba mtu yule aliomba kuiona na mume wangu akakataa. Mume wangu akawekwa ndani.

Saa nne asubuhi nilimletea chai. Ndipo aliponiambia yote.

"Ilikuwa imeviringishwa ndani ya mkeka, Evo. Mzee aliikinga na vumbi la basi."

"Mkeka wa rangi gani?"

"Zambarau na kijani."

Nilicheka kwa nguvu hata askari wa zamu akanikemea. Nilimweleza askari huyo sababu, akasema, "Basi kaulete, tuuone."

Nilimpitia Mzee Mbwana gesti alikofikia, na saa nane mchana tulikuwa Chamwino. Nilimwamkia shangazi, nikamweleza shida. Shangazi akaweka kiti mlangoni mwa chumba cha zawadi, akakikalia.

"Zawadi zinafunguliwa Jumapili," alisema. "Pande zote mbili zikiwepo. Leo nikufungulie wewe, kesho wakwe zako waseme Wagogo wameficha mablanketi?"

"Shangazi, mume wangu yuko ndani!"

"Nimesikia. Na upande wake uko wapi?"

Wazazi wa Elisante walikuwa wameshafika Same. Nilianza kulia. Hapo Mzee Mbwana akavua kofia yake, akasogea mbele.

"Upande wa mume ni mimi, shemeji."

Shangazi akamtazama toka kichwani hadi kwenye makobazi. "Wewe ni Mpare?"

"Kwa leo, ndiyo."

"Huko Upare kwenu mnalima nini?"

"Tangawizi," alijibu Mzee. Kisha akaongeza, "Na pweza kidogo."

Shangazi alijitahidi asicheke akashindwa. Lakini hakutoka kwenye kiti. Akasema upande wa mume huwa hauji bila neno. Mzee Mbwana akaacha mzaha.

"Dada yangu, kijana huyu alikaa kwetu wiki tatu. Kila mtu alimwonyesha anapofunga chombo chake na anapookota kuni, naye akauliza, akafuta, akachora upya. Wajane aliwafuata nyumbani kwao. Madole ya watu wangu yamo ndani ya mkeka ule. Na mimi kijana huyu namhesabu ndugu, si mchoraji tu. Nipe mkeka nikamtoe mahabusu."

 Shangazi akainuka, akawaita majirani wawili wawe mashahidi, akaukata ule ukindu kwa kisu cha jikoni. Kitambaa kilikuwemo, kikavu, kizima. Tulikitandaza sakafuni. Mzee alipiga magoti akatuonyesha dole la mama yake, limeenda upande kwa sababu mkono wake unatetemeka. Shangazi alipiga vigelegele mpaka kuku wakatawanyika.

Gari la kurudi halikupatikana hadi leo alfajiri. Saa tatu na nusu asubuhi tuliukabidhi mkeka na ramani kwa Koplo Debora. Mkeka ni wa Mzee, ramani ni ya kijiji, na mume ni wangu. Naomba kila kimoja kirudi kwa mwenyewe kabla ya saa nane.

Hayo ndiyo niliyoyaona, kuyasikia na kuambiwa. Nimeyasoma tena na ni ya kweli.

(Sahihi) Evodia E. Mshana

MAELEZO YA OFISA: Yameandikwa na shahidi mbele yangu. Mashahidi wa Chamwino wamethibitisha kwa simu ya ofisi ya wilaya. Mlalamikaji ameondoa shtaka. Kielelezo nimekipeleka mwenyewe kwa gari la kituo, nimefika kwenye kamati saa nane kasoro dakika nne. Kamati imekagua madole na kuagiza ombi la hoteli lisimame hadi wajumbe wafike Kijunguni. Mtuhumiwa ameachiwa saa saba mchana. Kitabu cha kutoka mahabusu hakina sahihi yake, kwa kuwa nilipogeuka kuchukua kalamu, yeye na shahidi walikuwa wameshavuka barabara.

WP Koplo Debora