Vijiti vya Baba na Kipimo cha Nane

New York, Mtaa wa 116
12 Februari 1973

Kwa Kaka Crispín,

Salamu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Shemeji Nereida na wote hapo kisiwani, Guayama. Mimi sijambo, ila baridi ya mwaka huu imeniingia vidoleni. Inabidi niloweke mikono kwenye maji ya moto kabla ya kugusa piano.

Najua ni miaka minane. Mimi sikuandika, nawe hukuandika, basi tuseme tumetoka sare. Nakuandikia kwa sababu mwezi Juni bendi inatimiza miaka ishirini na tano, na tutapiga Jumapili mchana kwenye ukumbi wetu ule ule wa mtaani kwetu, Barrio. Watu wananiuliza, "Maestro, kaka yuko wapi?" Mpiga ngoma za bongo ninaye, wa konga ninaye, lakini wa kugonganisha vijiti viwili na kuwaweka vijana hawa mahali pao sina. Wanapiga kwa mbwembwe kama wanafukuza nyuki.

Nimefikiri sana, nimeona nikusamehe ile siku ya studio. Ulinivurugia rekodi mbele ya mabwana wa kampuni ya santuri, ukapiga vijiti kinyume cha bendi nzima, nikakwambia toka. Kila mtu huteleza. Vijiti vya baba ulivyoviacha juu ya piano ninavyo bado, viko ndani ya kiti changu cha piano, kile chenye mfuniko. Njoo uvichukue, tupige.

Mdogo wako,
Anselmo


Guayama
3 Machi 1973

Mdogo wangu Anselmo,

Barua nimeipata na salamu zimefika. Hapa wote wazima. Nereida anakusalimu, anasema mbaazi zimezaa sana mwaka huu na hakuna wa kumaliza wali wake kama wewe. Mimi asubuhi natengeneza viti vya kanisa, mchana nacheza dhumna uwanjani na wazee wanaoiba bila haya. Mikono yangu mizima. Kila Jumapili napiga na vijana wa hapa, wananiita babu, nami nawachosha mpaka wanaomba maji.

Santuri zako nazisikia redioni. Mkono wako huo wa kushoto, Anselmo, kisiwa kizima sijasikia mwingine kama huo. Unatulia pale chini kama mtu asiye na haraka, huku wa kulia unatukana watu. Tena hata bila kukuona najua ni wapi umeinua bega kuwaita wapiga tarumbeta. Najivunia, nakwambia wazi.

Asante kwa msamaha wako. Nimeuweka kabatini, sijui nitauvaa lini.

Nitakuja Juni, ila nina sharti moja. Chukua karatasi za wimbo ule wa siku ya studio, zile ulizoandika kwa mkono wako. Nenda kwenye kipande cha katikati, kabla tarumbeta hazijarudi. Hesabu vipimo, kila nafasi kati ya mstari na mstari, kwa kidole, polepole, kama mama alivyokuwa akihesabu rozari. Ukishahesabu niandikie. Nitapanda ndege siku hiyo hiyo.

Kaka yako,
Crispín


Guayama
27 Mei 1973

Anselmo,

U mzima? Sisi hapa hatujambo. Tangu Machi naenda posta kila Ijumaa, mpaka karani ananionea huruma, ananitikisia kichwa nikiwa bado mlangoni. Nereida amelipiga pasi lile shati langu jeupe la jukwaani, limetundikwa nyuma ya mlango.

Kimya chako nimekisoma. Umehesabu. Ungekuwa hujahesabu ungeshanijibu zamani, tena kwa maneno makali, nakujua. Basi usione haya. Niandikie neno moja tu, "Njoo." Sitaki lingine.

Kaka yako,
Crispín


New York, Mtaa wa 116
11 Novemba 1973

Kaka yangu,

Shikamoo. Natumaini u mzima wewe na shemeji, ingawa sistahili hata kuuliza.

Nilihesabu siku ile ile barua yako ya Machi ilipofika. Saba. Nikahesabu tena, saba. Nilikuwa nimeandika vinane, na hapo ndipo nikakumbuka kwamba asubuhi ya studio nilikifuta kimoja kwa kalamu ili piano yangu iingie ghafla, watu washtuke. Nikaweka santuri, nikachukua kijiko, nikagonga mezani kama ulivyonifundisha jikoni kwa mama: mapigo matatu kipimo kimoja, mawili kinachofuata, matatu, mawili, bila kuyageuza hata nyumba ikiungua. Tulipotoka katikati, bendi nzima ikarudi kwa mguu usio wake. Panapotakiwa matatu tuko kwenye mawili. Siku ile wewe peke yako ulikuwa mahali pako, sisi kumi na mmoja tumepotea, nami nikamfukuza asiye na kosa. Yule niliyemweka badala yako aligeuza mapigo ya vijiti akatufuata tulikopotelea, tukaita hiyo rekodi.

Unajua, kila tukiupiga wimbo ule, wazee wa Barrio wakifika hapo husita hatua moja, kisha wanaendelea kucheza. Miaka minane nilikuwa nasema magoti yao yamechoka.

Juni nilipanda jukwaani bila wewe. Nikainua bega, tarumbeta zikaja, watu wakapiga makofi, nami niliona aibu kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Niliogopa kwamba ukija utanitazama tu, usiseme neno. Ndiyo sababu sikuandika, sina nyingine. Nimekosa, kaka. Nilikukosea mbele ya watu, na mbele ya watu nitasema. Kipimo cha nane nimekirudisha kwa mkono wangu. Jumapili ya kwanza ya Desemba tunaupiga wimbo upya, na nitawaambia wote ukumbini ni nani aliyekosea.

Lakini mbona hukuniambia palepale?

Njoo.

Mdogo wako,
Anselmo


Guayama
25 Novemba 1973

Shemeji Anselmo,

Mwandiko huu ni wangu mimi Nereida. Agosti, kaka yako akiwa anapiga randa kiti cha kanisa, alianguka. Ni kiharusi. Ulimi umerudi, mguu anauburuta, lakini mkono wa kulia haujarudi, na daktari hasemi kwamba utarudi. Nilitaka kukuandikia akanikataza. Alisema, "Asije kwa kunihurumia. Aandike kwanza mwenyewe." Sasa yanayofuata ni maneno yake, mimi ninayaandika tu.

Mdogo wangu, marahaba.

Unauliza mbona sikukwambia. Mabwana wa kampuni walikuwa nyuma ya kioo, wapiga tarumbeta wamekukodolea macho, na wewe ndiye kiongozi. Ningesema, mpaka leo wangekuwa wanakucheka, kutoka Bronx hadi huku. Nilijua utahesabu jioni ile ile, utakuja kugonga mlango wangu wa huko New York. Nereida alipika wali wa watu watatu.

Hasira zangu zimekwisha, tena nyingi zilikwisha zamani. Lakini sitakudanganya kwamba haikuniuma, wala kwamba hatujachelewa. Mwezi wa sita ningepiga. Mwezi wa saba ningepiga. Sasa siwezi, na hilo tutakaa nalo wote wawili.

Desemba sitakuja. Waambie watu ukumbini kama ulivyosema, nataka kusikia kwamba waliambiwa. Halafu njoo wewe huku, na usije na bendi. Vitoe vijiti vya baba kwenye hicho kiti chako, uvilete. Unakumbuka alivyotufundisha: kimoja kinalala kwenye kiganja cha kushoto, kingine kinapiga. Mkono wangu wa kushoto ni mzima. Cha kulala nitakishika mimi. Cha kupiga utapiga wewe, polepole, na safari hii ukikosea nitakwambia palepale.

Kaka yako,
Crispín