Ndege Iliyotua Shambani Bigwa

Mjukuu wangu Zuhura,

Shikamoo yako imenifikia huku Kagera kwenye miwa, marahaba. Mgongo unauma, ila nakula. Nimefurahi kusikia mama yako kavuna maharage.

Umeuliza kama kweli ndege zisizo na injini zilikuwa zikishindana juu ya Bigwa. Ni kweli. Nilipokuwa kijana, kila mwaka zilivutwa hewani upande wa Kingolwira, zikaachiwa zielee zenyewe hadi Dumila. Mwaka mmoja zilitukuta tunachoma majani shambani. Shangazi yangu akasema, "Zimeni, moshi utawaumiza wageni macho." Tukazima. Punde ndege iliyokuwa ikizunguka juu yetu ikashuka, ikatua kwenye shamba letu.

Rubani alikuwa dada mmoja. "Mngeuacha," akasema. "Joto la moto wenu ndilo lilikuwa linanipandisha."

"Basi tuuwashe tena, mwanangu, upate kupanda," shangazi akamwambia.

"Hii ikishatua, mama, hainyanyuki yenyewe."

Tulimpa mihogo, hakula. Alikaa ameelekea Dumila mpaka gari likaja kumchukua. Nilimwona ana kiburi. Siku hizi nikitoka kazini nakaa nje, nimeelekea Uluguru, wala milima haionekani kutoka huku.

Ni mimi babu yako.