Bulaimu Hakunywa Pombe

Kasongo, mwezi wa nane 1954

Kwa dada yangu mupenzi Subira, kule Kabambare,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na watoto, na mama mukwe wako ambaye nasikia miguu bado inamusumbua. Miye niko na uzima. Mvua hapa inachelewa. Je, mihogo umekwisha kupanda?

Barua yako nimeisoma. Umesema mume wako ni mulevi, asirudi nyumbani kwako, abaki kwa wale waliomunywesha. Umesema hata musikitini watu wanakucheka. Dada, kaa chini, usome yote.

Ismaël alipomuleta ndugu yake Bulaimu hapa lopitali kwa ngiri ile iliyokaza, daktari wetu, Muzungu mugeni, alifurahi. Kuna dawa ya kulaza mugonjwa usingizi, unga unaoyeyushwa katika maji na kuchomwa kwenye mushipa. Sisi wauguzi tulifundishwa kuitumia siku ileile, maana ikikaa kwenye joto inaharibika, nguvu inaisha. Yeye anataka kujua inadumu kiasi gani katika joto letu. Basi huacha chupa zake dirishani zichakae, kisha huzijaribu kwa wagonjwa weusi. Ile ya Bulaimu ilikuwa imeanza kuingia ukungu. Nikamwambia daktari dawa mupya iko kabatini. Akanijibu: “Mupya ninaijua tayari.”

Bulaimu alisinzia tu. Kisu kilipoingia, akaamuka. Alikuita wewe, Subira, hakumwita mama yake. Daktari akatazama saa, akaandika, ndipo akamuchoma ile mupya, nyingi, kwa kukasirishwa na kelele. Pumzi ikakatika. Tulihangaika naye mpaka ikarudi, lakini akili haikurudi. Leo analishwa kama mutoto. Mbuzi wakipita anacheka. Jina lake halijui.

Mukubwa wa serikali alipouliza, daktari alisema mugonjwa alikunywa lutuku, ile pombe kali, ndiyo maana dawa ilimugeukia. Miye nilikataa. Nilisema shemeki yangu anafunga na kusali, pombe hajaionja. Nilichapwa fimbo mbele ya wagonjwa, na sasa kazi yangu ni kusafisha vyoo. Daktari akatafuta shahidi mwingine, akamupata.

Shahidi ni Ismaël. Aliapa kwa Kurani kwamba yeye mwenyewe alimununulia ndugu yake lutuku njiani. Bulaimu alikuwa ameketi palepale, akimuchekea. Kwa ajili hiyo daktari amemwandikia kwamba moyo wake ni mubovu, asilazimishwe tena kulima pamba. Wewe alikudanganya kwamba ameachiliwa kwa sababu ya kifua. Tena naambiwa anakula kwako kila jioni, anakupangusa machozi, na anasema ukipata talaka atakuoa.

Bulaimu atakuja na kamyo, lile gari la pamba, Ijumaa hii, miye nikiwa pamoja naye. Usingoje akuite jina. Umupe chakula laini, na umufunike, maana anajivua nguo bila haya. Mutoto mudogo akimwogopa, usimulazimishe. Ila nakuomba, umufungulie mulango. Habari ya Ismaël umalize mwenyewe unavyojua. Miye sitakuuliza kitu.

Musalimie mama mukwe polepole, kabla hajamwona mwanawe. Wasalimie watoto na majirani. Nawasalimia wote wanaokula chungu kimoja nawe, isipokuwa mumoja.

Ni miye, kaka yako wa tumbo moja,

Dominique