Yaache Yashuke Yenyewe

Mwaka umetimia leo, Mama, tangu ututoke. Baba ameniambia tangazo hili la kumbukumbu niliandike mimi kwa sababu nina maneno mengi, ila akanisihi niandike kwa adabu. Nitajitahidi. Unanijua mwanao, ulimi wangu haujawahi kuwa na breki.

Miaka ishirini na tisa ulikuwa nesi wa wodi ya watoto waliozaliwa kabla ya siku zao. Watu huwaita watoto njiti. Wewe ulilikataa neno hilo. “Njiti ni ya kuwashia jiko,” ulisema. “Huyu ni Mheshimiwa.” Basi kila mmoja wao, hata mwenye gramu mia nane, alikuwa Mheshimiwa. Ulirudi nyumbani umechoka, ukavua viatu mlangoni, ukatutangazia: “Leo Mheshimiwa wa dirishani amekunywa mililita tano na hakutapika.” Nasi tukaacha kula, tukashangilia kama timu yetu imefunga goli.

Waheshimiwa wako walikula saa tatu, saa sita, saa tisa na saa kumi na mbili, mchana na usiku. Saa hizo zilikuingia mwilini. Hata siku ya mapumziko, saa sita ikifika uliinuka popote ulipokuwa ukaenda kunawa mikono. Baba alikuwa akisema hakuoa mke, alioa saa ya ukutani. Ulimjibu kwamba saa ya ukutani haimpikii mtu chai.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nikubali kuandika. Kuna neno lilisemwa juu yako ulipokuwa hai, na umeondoka nalo. Walisema ulizembea, mjukuu wako mwenyewe akapaliwa na maziwa karibu afe. Shangazi, dada yake Baba, alilisema sebuleni mbele ya wageni: “Anaokoa watoto wa watu, wa kwake wanamshinda.” Uliendelea kumenya viazi. Leo nataka kulinyoosha neno hilo, maana ukweli ninaujua mimi na nimeukalia muda mrefu mno.

Mwanangu alikuja mimba ikiwa na miezi saba kasoro. Gramu mia tisa na themanini. Nilipomwona ndani ya kile kitanda cha kioo chenye joto, niliogopa hata kumwita mtoto. Mguu wake wote ulikuwa sawa na kidole changu cha kati, na ngozi yake ilikuwa nyembamba hivi kwamba mishipa yote nikaiona. Ukaja na aproni yako, ukaniambia kwa sauti ya kazini: “Humu ndani mimi si mama yako. Mimi ni nesi, wewe ni mama wa kitanda cha nne. Kanawe mikono.” Nilikasirika kweli kweli. Nikanawa.

Siku ile nilikamua nusu saa nzima nikapata matone manne ya dang’a, yale maziwa ya kwanza, mazito, ya njano. Nikalia. “Mama, haya hayalowanishi hata kijiko.” Ukayavuta yote kwa bomba la sindano lisilo na sindano, ukampaka ndani ya mashavu, tone moja moja, bila haraka. “Unapimia tumbo lako,” ukasema. “Pimia lake. Tumbo la Mheshimiwa halizidi gololi.” Nikajikaza, nikasema basi haba na haba hujaza kibaba. Ukasema ndiyo, ila kwanza ujue kibaba chenyewe kina ukubwa gani.

Akachezesha ulimi, Mama. Mtu wa gramu mia tisa na kitu akaonja, akatafuta tena. Nawe uliyekwisha kuona maelfu ulisimama pale ukiutazama ulimi ule, hukusikia hata nesi mwenzako alipokuita.

Kunyonya alikuwa hawezi bado. Ulinieleza kwamba kunyonya, kumeza na kupumua ni kazi tatu, na mtoto wa umri ule hajui kuzipanga foleni. Kwa hiyo maziwa yangu yalipita kwenye mrija mwembamba kutoka puani mpaka tumboni. Unachomeka bomba kwenye mrija, unatoa kile kijiti cha kusukumia, unamimina maziwa, unaliinua bomba kidogo juu ya kichwa chake, unangoja. Mililita nane, robo saa. “Usisukume,” ulituambia akina mama wote. “Yaache yashuke yenyewe. Tumbo likikubali, yatashuka. Likikataa, yatasimama, utaona, utaniita. Ukisukuma umemnyima nafasi ya kukataa.”

Siku ya tisa, saa sita mchana, wodi ilikuwa imejaa na nesi mwenzako alikuwa anaumwa. Ukaniachia bomba, ukaenda kitanda cha saba. Maziwa yakasimama. Nikangoja mpaka mkono ukafa ganzi. Sikukuita, kwa kiburi tu, bado nilikuwa nimekununia. Kifua kiliniuma, nilitaka kulala. Nikachukua kile kijiti nikasukuma. Kidogo tu, nilijiambia.

Yakarudi yote, mdomoni na puani, na mwanangu akawa rangi ya majivu. Akaacha kupumua. Ulifika kabla sijamaliza kuita. Ukamlaza ubavu, ukavuta yale maziwa, ukamsugua mgongo kwa vidole viwili, huku unamsemesha taratibu: “Mheshimiwa, bado mapema. Rudi.” Sijui zilipita sekunde ngapi. Kifua kikapanda. Nilipiga magoti sakafuni mbele ya watu wote na sikuona haya.

Daktari alipokuja akauliza nani alikuwa analisha. Nikafungua mdomo. Ukanitangulia: “Kitanda hiki kilikuwa chini yangu, daktari.” Ukaandika hivyo hivyo kwenye faili, ukatia sahihi.

Baadaye nikakuuliza kwa nini. Nakumbuka ulikuwa unachemsha vikombe. “Nilikuacha peke yako na bomba ukiwa umechoka,” ukasema. “Hilo kosa ni langu na nimeliandika. La kwako unalijua, halihitaji karatasi. Halafu mama akijichukia, maziwa hugoma. Mimi nayataka hayo maziwa.”

Basi nikanyamaza, nikajiambia kunyamaza ndiyo utiifu. Mwezi wa kwanza labda ulikuwa utiifu. Iliyobaki ilikuwa woga. Nilikusikia ukisemwa, nikapitisha chai kwa wageni.

Alipumzishwa kulishwa siku nzima, akawa anaishi kwa dripu, kisha tukaanza upya na mililita moja. Mume wangu, dereva wa lori, mtu wa kupiga honi na kugomba, ulimvua shati ukamfunga mtoto kifuani kwake, ngozi kwa ngozi, ukamkataza hata kukohoa. Alikaa saa mbili kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Akatoka hapo analia, na mpaka leo anasema ilikuwa mafua.

Tukafika mililita kumi, ishirini. Tukafika kikombe kidogo, mtoto anaramba ukingoni, nawe unanishika mkono nisimmiminie. Na siku ya arobaini na moja, mchana, ukaniambia nimweke kwenye titi nione. Akanusa. Akafungua mdomo mpana kuliko nilivyodhani anao. Akanyonya mara tatu, akameza, akapumzika, akapumua, akaanza tena. “Hakuna aliyemfundisha,” ulisema polepole, machozi yanakushuka hadi kwenye aproni. Nikadhani unalia kwa sababu ni mjukuu wako. Nesi mwenzako akaninong’oneza kwamba ndivyo ulivyo, kwa kila mmoja, miaka yote ishirini na tisa.

Nilipanga kusema ukweli siku ya kukuaga kazini. Zilibaki wiki tatu, presha ikakuchukua kwa siku mbili. Nisamehe, Mama. Hukuzembea hata siku moja. Aliyesukuma ni mimi, na aliyemrudisha ni wewe, na sasa kila anayesoma hapa anajua.

Juzi nilimsomea Shangazi maneno haya yote kabla ya kuyapeleka gazetini. Alikuwa amempakata mwanangu, ambaye siku hizi anatembea na kuvunja kila chombo anachokifikia. Nilipomaliza, nilijiandaa kutukanwa, na ingekuwa haki yangu. Alimtazama mtoto, akamshika mguu, akaupima kwa kiganja chake. Kisha akauliza: “Kwenye orodha ya wanaomkumbuka, mimi umeniweka wapi?”

Nikamwambia kweli, mwisho kabisa, baada ya majirani.

“Niweke wa kwanza,” akasema. “Na usiandike shangazi. Andika wifi yake.”

Unakumbukwa na wifi yako; na mumeo; na wanao, mimi fundi cherehani na mdogo wangu mwalimu; na mkweo dereva; na mjukuu wako; na manesi wenzako wa wodi; na majirani. Hatujakusahau, Mama, wala hatutakusahau.